Chupa ni ileile, mwenye chupa kabadilika

SEHEMU YA 1

Leo niko off, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, chai iko pembeni, kwa hiyo mniwie radhi nitaandika ndefu. Anayetaka fupi aende kwa wanaouza viatu, hatugombani.

Wiki iliyopita nilikuwa naruhusu akina mama wodi ya wazazi. Mmoja alijifungua kwa upasuaji, na aliyekuja kumchukua ni mama mkwe. Maswali yote anauliza mama mkwe, mzazi mwenyewe kanyamaza anamwangalia mtoto. "Sista, kidonda tumwoshe na Dettol eeh?" Nikamwambia hapana mama, kidonda kikae kikavu, aoge maji safi na sabuni ya kawaida, ajikaushe taratibu, asimwagie wala asipake kitu. Akaniangalia kama nimemtukana. "Mimi watoto wangu saba, wote nimeogea Dettol." Nikampa hongera zake, nikarudia maelezo, akaondoka hajaridhika. Nina uhakika walipofika stendi walipitia dukani.

Jioni nikapitia dukani na mimi. Nikiwa nasubiri chenji, yale maneno yake bado kichwani, nikaanza kugeuza chupa moja moja nisome nyuma. Dettol. Jik. Harpic ya chooni. Nikaenda upande wa pili: Strepsils za koo, Durex, Gaviscon ya kiungulia. Yule kijana wa duka akadhani nataka kuiba. Vyote hivyo, ndugu zangu, mwenyewe ni mmoja: kampuni ya Uingereza inaitwa Reckitt. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka kumi, vitu hivi navitaja kila siku, na sikuwahi kukaa chini nikajiuliza vilifikaje mkononi mwa mtu mmoja.

Nikaanza kusoma. Nawaletea nilichokipata na maoni yangu juu yake.

Isaac Reckitt alianza mwaka 1840 mjini Hull na kinu cha wanga wa kunyooshea nguo. Baadaye wakaongeza bluu ya kufulia nguo nyeupe. Waliosoma uuguzi zamani na sare zao nyeupe mnaijua bluu, sisi wa juzi tunaisikia tu. Mwaka 1938 wakaungana na akina Colman, watu wa haradali, wakaitwa Reckitt & Colman. Dettol ilitoka miaka ya mwanzo ya 1930, na hapa manesi wenzangu mtulie: sehemu mojawapo ilipojaribiwa ni hospitali ya wazazi ya Queen Charlotte's, London. Wakati huo homa baada ya kujifungua ilikuwa inaua akina mama, antibayotiki hazijafika. Wakunga na madaktari walihitaji dawa ya kuua vijidudu ambayo haichomi ngozi kama zile za zamani. Dettol ikawasaidia. Sifa ya ile chupa ya kahawia ilianzia chumba cha kujifungulia, mikononi mwa watu wa kazi yetu. Kwa hiyo yule mama mkwe hakuwa mjinga. Alirithi imani yenye sababu.

Halafu likaja jambo la kununua. Mwaka 1994 walinunua Lysol, dawa ya kusafishia ya Marekani, kutoka kwa Kodak. Ndiyo, Kodak ya mikanda ya picha, msishangae, ilikuwa na kampuni ya dawa pia. Walilipa dola bilioni 1.55. Desemba 1999 wakaungana na Benckiser, kampuni yenye asili ya Ujerumani. Mwaka 2001 wakanunua kampuni ya Korea Kusini inaitwa Oxy, hiyo iwekeni akilini, tutairudia kesho. Mwaka 2006 wakakamilisha ununuzi wa kitengo cha dawa za madukani cha Boots kwa pauni bilioni 1.9 hivi, humo ndimo zilimokuwa Nurofen na Strepsils. Mwaka 2010 kampuni ya SSL yenye Durex na Scholl, pauni bilioni 2.5 hivi. Mwaka 2017 Mead Johnson, watengenezaji wa maziwa ya watoto Enfamil, dola bilioni 16.6 bila kuhesabu madeni yake. Mwaka huohuo wakauza biashara ya vyakula, ikiwemo haradali ya French's, kwa McCormick kwa dola bilioni 4.2.

Sasa ukitazama hiyo orodha, vitu vilivyovumbuliwa ndani ni vichache. Kukua kwao kwingi ni kununua jina ambalo mtu mwingine alilihangaikia miaka hamsini au mia. Siwalaumu kwa hilo peke yake, biashara ndivyo ilivyo, na atakayesema nesi ana wivu wa pesa aseme. Hoja yangu ni hii: anayenunua kampuni ya aina hii ananunua imani ya watu, na sisi manesi ndio tunaoisambaza ile imani bure, kwa kutaja jina wodini. Jina linabaki lilelile. Mwenye jina anabadilika, kilichomo ndani kinaweza kubadilika, bei inabadilika, na anayeruhusiwa kwenda nyumbani hajui hata kimoja.

Mfano mdogo kabla sijalala. Nurofen ni ibuprofen. Dawa nzuri, iligunduliwa Boots kule Nottingham. Baada ya Reckitt kuichukua, nchini Australia zikawa zinauzwa paketi nne tofauti: ya mgongo, ya hedhi, ya kipandauso, na ya kichwa cha msongo. Bei karibu mara mbili ya Nurofen ya kawaida. Ndani? Kila kidonge kina ibuprofen lysine miligramu 342, ambayo ni sawa na ibuprofen miligramu 200. Zote nne. Kama ile ya kawaida! Kidonge hakina macho kwamba kikifika tumboni kiulize mgongo uko wapi. Mahakama ilisema Desemba 2015 kwamba wateja walipotoshwa, na faini ikapigwa, ikapandishwa Desemba 2016 hadi dola milioni 6 za Australia.

Hiyo ilikuwa pesa tu, hakuna aliyekufa. Kesho si pesa tu.

SEHEMU YA 2

Jana niliwaambia muiweke Oxy akilini. Mwenye mtoto mchanga nyumbani asisome hii usiku.

Korea Kusini kuna baridi kali. Nyumba zinapashwa joto, hewa inakauka, pua na koo vinauma. Kwa hiyo watu wengi wana kimashine kidogo cha kutoa ukungu wa maji chumbani, hasa kwenye chumba cha mtoto au cha mjamzito. Maji yakikaa kwenye kile kimashine yanaota utelezi, unatakiwa uoshe kila mara. Kampuni zikaleta rahisi: dawa ya kuua vijidudu, unamimina kidogo kwenye maji, huna haja ya kusugua. Ya Oxy ndiyo iliyouzwa kuliko zote. Mwaka 2000, muda mfupi kabla ya Oxy kununuliwa, kiungo chake kilibadilishwa kikawa kemikali inaitwa PHMG. Mwaka 2001 Reckitt Benckiser ikanunua kampuni, na chupa ile ikawa humo ndani. Ikaendelea kuuzwa hadi 2011.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, mwalimu wetu wa famakolojia alikuwa anatupiga swali moja mpaka tunaota usiku: dawa hii inaingia mwilini kwa NJIA gani? Sindano ya msuli ukiipitisha kwenye mshipa unaweza kuua, na dawa ni ileile, dozi ileile, mgonjwa yuleyule. PHMG ilikuwa inatumika kusafishia vitu, na kwenye ngozi haikuwa na ukali mkubwa. Lakini ukiiweka kwenye kimashine cha ukungu umebadilisha njia. Sasa haigusi ngozi, inavutwa. Matone madogo kabisa yanashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, usiku kucha, miezi yote ya baridi, na anayevuta ni mtoto wa miezi minane aliyelala karibu na mashine kwa sababu mama yake anampenda. Pale kwenye mapafu inaacha makovu. Pafu lenye makovu halitanuki.

Mwanzoni mwa 2011 madaktari wa hospitali kubwa moja ya Seoul wakaanza kupokea wajawazito na waliotoka kujifungua, vijana, hawana historia ya ugonjwa, wanashindwa kupumua. Dawa hazisaidii, mashine ya kupumulia haisaidii, baadhi wakafa. Wakatoa taarifa. Agosti mwaka huo mamlaka ya afya ikasema kinachoshukiwa ni dawa ya kwenye vimashine, na kabla mwaka haujaisha bidhaa zikaondolewa sokoni.

Miaka KUMI. Nimejaribu kuwafikiria manesi wa kule. Kila msimu wa baridi mtoto anakuja na kikohozi, anatibiwa, anaambiwa arudi nyumbani apate hewa yenye unyevu. Na nina uhakika kuna nesi mwema aliyemwambia mama, washa kile kimashine, na usisahau kukisafisha. Mimi ningesema hivyohivyo. Chupa ilikuwa imeandikwa kwamba ni salama kwa mwili wa binadamu.

Kuwa mkweli: hazikuwa bidhaa za Oxy peke yake, kampuni nyingine na maduka makubwa ya kule nao waliuza za kwao. Kwa jumla serikali ya Korea Kusini imetambua waathirika zaidi ya 5,000. Mkuu wa zamani wa ile kampuni ya Korea alihukumiwa Januari 2017 kifungo cha miaka 7, rufaa ikapunguza mwaka mmoja. Kampuni iliomba radhi hadharani Seoul mwezi Mei 2016. Hesabuni wenyewe kutoka 2011.

Wapo watakaosema Reckitt hawakuitia wao ile kemikali, waliikuta. Ni kweli, waliikuta. Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Mimi nikipokea shifti asubuhi, mgonjwa kitanda namba 6 ana dripu iliyotundikwa na mwenzangu wa usiku. Sikuitundika mimi. Lakini nikishasaini kitabu cha makabidhiano, ile dripu ni yangu. Ninatakiwa nisome lebo, niangalie dozi, niangalie inaingia wapi. Nikiiacha tu kwa sababu niliikuta, na mgonjwa akaharibikiwa saa nne, hakuna matroni atakayenielewa nikisema "niliikuta". Hicho ni kiwango cha nesi wa diploma anayelipwa mshahara wetu huu mnaoujua. Sioni kwa nini kampuni yenye wanasayansi na wanasheria ipewe kiwango cha chini kuliko changu. Unaponunua kampuni, umepokea shifti. Mahesabu yake utayakagua, hilo halina shaka. Na chupa je, miaka kumi nzima, hakuna aliyeuliza inaingia kwa njia gani?

Naishia hapo leo, naingia usiku.

SEHEMU YA 3

Asanteni kwa mliotuma ujumbe. Kaka mmoja kaniambia dada yangu umeacha unesi umekuwa mchumi. Mwingine, huyu ana duka la dawa, kanipinga vizuri na naomba nimjibu kwa heshima. Anasema kampuni kubwa ikinunua ndogo, bidhaa inafika mbali, inapimwa viwango, haichakachuliwi. Kampuni ndogo isingeweza kufikisha kondomu nzuri mpaka mnada wa kijijini. Nakubali. Nimefanya kazi zahanati ya ndani sana, najua maana ya kitu kufika. Ninachokataa ni pale kufika kwa bidhaa kunapohesabiwa kama ushahidi kwamba mtu anaijali.

Leo ni maziwa, na leo na mimi nina dhambi yangu.

Niliwaambia mwaka 2017 walinunua Mead Johnson kwa dola bilioni 16.6, ununuzi mkubwa kuliko wote waliowahi kufanya. Haukupita muda mrefu. Mapema 2020 walitangaza kushusha thamani yake vitabuni kwa pauni bilioni 5 hivi, yaani kukiri kwamba walilipa kupita kiasi. Mwaka 2021 wakauza biashara ya maziwa ya China. Halafu Machi 2024, huko Illinois, Marekani, baraza la mahakama likaamuru Mead Johnson imlipe mama mmoja dola milioni 60. Mtoto wake njiti alipewa maziwa ya kopo ya kampuni hiyo hospitalini, akapata ugonjwa wa utumbo kuvimba na kuoza, akafariki. Hisa za Reckitt zikaporomoka. Kampuni ilikataa kwamba maziwa ndiyo chanzo. Oktoba mwaka huo kwenye kesi nyingine, St. Louis, baraza likasema kampuni hazina kosa, kisha Machi 2025 jaji akaamuru ile kesi isikilizwe upya.

Mimi si hakimu. Kitabibu ilivyo ni hivi, na wataalamu wa serikali ya Marekani walisema hivyohivyo Oktoba 2024: hakuna uthibitisho kamili kwamba maziwa ya kopo yenyewe yanasababisha ule ugonjwa, ila kuna ushahidi wenye nguvu kwamba maziwa ya mama yanamkinga njiti. Yaani kwa njiti swali ni kipi amekosa, zaidi ya kipi amepewa. Wodini tunalijua hili, ndiyo maana tunamkamulisha mama hata matone matatu kwenye sindano, na mtoto tunamfunga kifuani kwa mama yake.

Na bado nilifanya nilichofanya. Zamani kidogo, kituo kingine. Mama ana njiti aliyefikisha uzito wa kuruhusiwa, maziwa yake yametoka kwa shida, amechoka, analia. Mimi nimechoka, ni saa ya kukabidhi. Akaniuliza, "Sista, kama hayatoshi ninunue yapi?" Nikataja jina. Kopo moja, jina moja, sitalisema hapa. Nililijua kwa sababu kalamu niliyokuwa naandikia ilikuwa na jina hilo, tulipewa kwenye semina. Sikumwambia kipimo, sikumwambia maji yachemshwe, sikumwambia arudi tuangalie jinsi anavyonyonyesha. Jina tu.

Alirudi baada ya wiki tano. Mtoto kapungua. Kopo lilikuwa ghali kwao, kwa hiyo alikuwa anaweka kijiko kimoja palipotakiwa viwili ili lifike mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa alikuwa na kopo, aliacha kukamua, ya kwake yakakauka. Aliponiona alifurahi, jamani, akaniambia "nilinunua lilelile ulilosema." Tulimlaza mtoto, akapona, mama akarudishiwa maziwa kwa taabu kubwa ya siku nyingi. Lakini ile sentensi yake ninatembea nayo.

Tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani inayokataza kampuni za maziwa ya watoto kutangaza kwa akina mama na kutumia wahudumu wa afya kama wauzaji. Tulifundishwa. Kalamu ilipita hata hivyo.

Kwa hiyo nimebadilika, na wenzangu wananiona nina makuu. Wakati wa kuruhusu mgonjwa sitaji tena jina la biashara. Nasema ibuprofen, nasema parasetamo, naandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa aende akanunue ya bei anayoimudu. Akina mama nawaambia maziwa yao kwanza, na mwenye sababu ya kitabibu ya kutumia kopo nakaa naye tunapima maji pamoja. Inachukua dakika kumi na tano. Ndiyo, najua tuko wawili kwa vitanda arobaini.

Na kuna hili la jiki, ambalo huwa nalisema kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Sote tumekariri: jiki moja, maji sita, umepata asilimia 0.5 ya kutakasia vifaa. Ile hesabu ni ya dawa yenye klorini asilimia 3.5. Siku hizi kila dawa ya kufulia yenye harufu ile tunaiita jiki, hata kama chupa ina jina jingine kabisa. Ukiletewa ya asilimia 5 unatakiwa uweke maji tisa. Ukiletewa dhaifu ukaweka maji sita, vifaa vyako havijatakasika, na wewe umevaa glovu una amani. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "sasa sista nijuaje?" Nikamwambia geuza chupa. Akageuza. Alikuwa ameshachanganya ndoo tatu.

Kuhusu kampuni yenyewe, sasa wanapunguza mizigo. Mwaka 2024 walisema Mead Johnson haimo tena kwenye vitu vyao vya msingi, na Julai 2025 wakatangaza makubaliano ya kuuza sehemu kubwa ya bidhaa za usafi wa nyumbani, ikiwemo Air Wick na Mortein, kwa kampuni ya uwekezaji ya Advent. Maana yake ni kwamba chupa nyingine zinapata wenyewe wapya tena, na dukani kwa yule kijana hutaona tofauti yoyote, isipokuwa labda mstari mmoja mdogo chini ya lebo.

Yule mama mkwe alirudi juzi na mkwe wake kukagua kidonda. Kidonda kizuri, kikavu. Nikamuuliza, mama, Dettol mlitumia? Akaniambia hapana sista, tumeogea sabuni tu. Mkwe wake akageukia ukutani anacheka.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu asubuhi nikitoka.